Vita vya Shela: Ni Mwaka Gani Hasa?

Juzi nilinyimwa maksi moja. Tuliulizwa Vita vya Shela vilipiganwa mwaka gani. Nikaandika 1813, kalamu nyekundu ikasema 1812. Nikaenda maktaba, na lo! Kitabu kimoja kinasema 1812, kingine 1813. Sasa mwenye makosa ni nani?

Vita vyenyewe havina shaka. Wamazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate walishuka Shela, kisiwani Lamu, wakachapwa vibaya. Husimuliwa kwamba maji yalikupwa, vyombo vyao vikabaki mchangani, wakakosa pa kukimbilia. Walamu, kwa kuogopa kisasi, wakamwita Seyyid Said wa Omani awalinde. Yaani maji yanakumbukwa, mwaka ndio umepotea!

Si ajabu. Watu wa pwani walihesabu kwa miaka ya Hijra, ambayo kila mmoja ni mfupi kuliko wetu kwa siku kama 11. Tena waliyapanga mambo kwa tawala za masultani. Habari za Pate na Lamu tulizo nazo ziliandikwa miaka mingi baadaye, na husemekana nakala ya zamani ya Pate ilipotea Waingereza walipoupiga mji wa Witu mwaka 1890.

Na msiseme ati ni ushamba wetu. Warumi walikumbuka kwamba Wagali waliwashinda mtoni Allia tarehe 18 Julai. Lakini mwaka? Hesabu ya Varro yatoa 390 K.K., ya Polybius 387 K.K. Miaka yao iliitwa kwa majina ya watawala, na orodha za majina hazikupatana.

Hata hapa kwetu, muulize mzee Mnubi wa Kibera babu zake askari waliingia lini katika ule msitu. Vitabu vingine husema 1904, vingine 1912. Mzee wa Kawangware naye atakutajia rika lililotahiriwa wakati huo, basi. Hajakosea, kuitafuta namba ni kazi yetu.

Rai yangu kwa walimu ni hii: tuulizweni kwa nini vitabu vinatofautiana kuhusu Shela, kwa maksi nne. Wenzangu wa kukariri mtanichukia, najua. Na ile maksi yangu moja, mwalimu, bado naidai.