Mitiki: Akiba Inayohitaji Daftari

Mwezi huu tuweke kando mchicha na bamia, tuzungumze juu ya mti ambao ukiupanda ukiwa mama kijana, utaukata ukiwa bibi. Ni mtiki, mti wa mbao ngumu zisizoliwa na mchwa kwa urahisi.

Jirani yangu mmoja hapa Muheza, mkoani Tanga, alipanda mitiki ekari mbili mwaka 1994. Mumewe alikuwa kazini mjini. Yeye na watoto ndio waliochimba mashimo na kupalilia. Mwaka 2011 mume alifariki. Kabla ya arobaini kwisha, shemeji zake walifika na msumeno. Karatasi za shamba zilikuwa na jina la marehemu peke yake. Miti ya miaka 17, ambayo kiini chake kilikuwa bado chembamba, iliuzwa kwa bei ya kutupa, na mama akabaki na visiki.

Nitamrudia baadaye. Kwanza tuone kazi yenyewe, hasa kwako mwenye shamba kubwa ambalo sehemu yake imelala bure.

Mtiki asili yake ni India, Burma, Thailand na Laos. Unapenda udongo wenye kina usiotuamisha maji, mvua ya kutosha, na kiangazi cha miezi mitatu hadi mitano. Bondeni penye maji yaliyosimama usiupande. Haupendi kivuli pia, kwa hiyo usiuchomeke chini ya miembe.

Panda mwanzoni mwa masika. Wengi hutumia vijiti vya kitaluni: mche hukatwa shina na mizizi, ukabaki kijiti chenye unene wa kidole gumba. Ukiacha mita 3 kila upande, ekari moja itaingia miche kama 450. Miaka miwili ya kwanza panda mahindi na maharage katikati. Watoto watakula, na kila unapopalilia mahindi unapalilia na miti. Nyasi ndizo adui mkubwa wa mtiki mchanga.

Ifikapo mwaka wa tano hivi, matawi huanza kugusana. Hapo akina mama wengi huona huruma, wakaacha miti yote. Usifanye hivyo. Kata iliyopinda na iliyodhoofika, uza nguzo, na inayobaki ipate nafasi ya kunenepa. Utarudia tena baadaye, mpaka ibaki mizuri tu. Mavuno ya mbao ni baada ya miaka 25 hadi 30. Ukitaka kuona mitiki iliyokomaa, tembelea shamba la serikali la Longuza, wilayani Muheza.

Majani mapana ya mtiki hupukutika kiangazi, nayo hushika moto upesi. Kila mwaka fyeka njia ya moto kuzunguka shamba. Kwenye mteremko mkali usipande mitiki mitupu, maana chini yake hubaki udongo wazi na mvua huuchukua. Wakati wa kuvuna ukifika, muone kwanza afisa misitu wa wilaya kwa ajili ya vibali.

Sasa turudi kwa jirani yangu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya hapa Tanzania husema kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja wa wanandoa huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka uje ushahidi wa kukanusha. Iliyo kwa majina yote mawili huchukuliwa kuwa ya wote kwa haki sawa. Nazo sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba shimo la kwanza, zungumza na baba watoto kwa upole, wakati mmeshiba na mmetulia. Mwambie huu ni mti wa miaka 30, na hakuna ajuaye nani atakuwepo. Nendeni pamoja ofisi ya kijiji, hati iandikwe majina yenu wote wawili. Weka daftari pia: tarehe ya kupanda, idadi ya miche, fedha zilizotumika, na nani alifanya kazi.

Jirani yangu hakukata tamaa. Alipeleka shauri lake barazani, akabakiziwa shamba. Mtiki ukikatwa huchipua tena. Alichagua chipukizi moja lililonyooka kwa kila kisiki, mengine akayaondoa. Nilipopita kwake juzi, wajukuu walikuwa wakisugua majani machanga ili viganja viwe vyekundu. Hati ya shamba safari hii ina jina lake, naye huihifadhi sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto.