Ng'ombe wa Maskini Hazai? Tuache Kumsingizia Mungu

Kuna methali moja ningependa tuipumzishe. Ng'ombe wa maskini hazai. Nimeisikia tangu utotoni Shinyanga, hasa pale ng'ombe wa mtu anapokufa na majirani wanakuja kumpa pole, na mara zote inasemwa kwa sauti ile ile ya kukubali yaishe. Maskini hana bahati, basi. Mwaka jana nimeisikia tena, safari hii Geita mjini, uani kwa mama yangu. Hapo ndipo ilipoanza kunikera.

Mama ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo chake kilijenga vyumba viwili vya kupangisha na kununua mtamba mmoja chotara. Hesabu yake ilikuwa nzuri tu. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Geita una watu 1,739,530. Ya 2022 ikahesabu 2,977,608. Ndani ya miaka kumi wameongezeka zaidi ya milioni moja, wengi wakiifuata dhahabu au kuwafuata walioifuata dhahabu, na watu hao wanakunywa chai. Mwenye maziwa hawezi kukosa wateja.

Siku moja mtamba akaacha kula. Mwili ukawa wa moto, matezi yakavimba chini ya masikio. Mama akampigia afisa mifugo, akaambiwa yuko kikaoni, aende dukani tu watamsaidia. Akaenda. Kijana wa duka la dawa za mifugo, mstaarabu kabisa, akasikiliza nusu ya maelezo na kusema, "Hiyo ndigana, mama." Akampa chupa na bomba la sindano.

Ilikuwa ndigana kweli. Tatizo ni kwamba ndigana ziko mbili. Ndigana baridi inatibika kwa oksitetrasaiklini, ile dawa ya njano ambayo kila mfugaji anaijua. Ndigana kali, inayovimbisha matezi, inataka dawa nyingine kabisa, buparvakwoni, na inaitaka mapema. Dawa hiyo ilikuwepo dukani siku ile ile, rafu ya juu, bei yake kubwa zaidi. Hakuna aliyemuuliza mama kuhusu matezi. Siku ya tano mtamba akatokwa povu puani, akaanguka. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Ndiyo hivyo, mwalimu," jirani akasema. "Ng'ombe wa maskini hazai."

Hapana. Huyu angezaa. Alibakiza miezi mitatu.

Mtauliza haya yana uhusiano gani na fasihi. Yanao, kwa sababu sehemu ya kosa ni la maneno, na mimi mwenyewe nimeshiriki. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala ya gazeti kuhusu maduka ya dawa za mifugo yanayofunguliwa Kahama. Nilihesabu mabango barabarani, nikapiga picha za rafu, nikawahoji wenye maduka. Kichwa cha habari kilikuwa na neno "fursa". Ndani nikaandika kwamba "huduma za mifugo zinakua kwa kasi". Sikumuuliza mfugaji hata mmoja swali la kitoto kabisa: ng'ombe wako akiugua, nani anakuja?

Duka si huduma. Naomba tuanzie hapo. Kinachokua kwa kasi kuanzia Tinde hadi Katoro ni uuzaji wa chupa. Ripoti zinaita huduma, waandishi wa habari tunanakili, wahisani wanapiga makofi, na mfugaji aliyekuwa anaitwa mfugaji sasa anaitwa mteja. Mteja akinunua dawa isiyo yake, kosa ni lake.

Wapenzi wa vitabu mnamjua James Herriot, jina la kalamu la Alf Wight, daktari wa mifugo wa Yorkshire, Uingereza, aliyeanza kuchapisha visa vyake mwaka 1970 na kupendwa dunia nzima. Hadithi nyingi mle zinaanza namna moja: simu inalia, daktari anatoka kwenye baridi na kwenda zizini. Nimejaribu kukumbuka riwaya ya Kiswahili niliyosoma ambayo daktari wa mifugo ni mhusika mkuu. Sijaipata. Ng'ombe tunao tele katika fasihi yetu, wa mahari, wa ugomvi, wa urithi. Daktari wao hayumo, na sidhani kama tuwalaumu watunzi. Kwetu simu inapigwa, na anayepigiwa anakuelekeza dukani. Hadithi inaishia aya ya kwanza.

Sasa kuna atakayenikatiza: "Lakini Herriot alikuwa daktari binafsi! Alilipwa na wakulima!" Kweli, na hilo ndilo linalonisaidia. Wakulima walimlipa, lakini serikali nayo ilimlipa kuzunguka mashambani akipima ng'ombe kifua kikuu, katika mpango wa taifa wa kusafisha mifugo yote. Kazi hiyo ya umma iliwapa madaktari wa vijijini kipato cha uhakika. Aliyelipwa kupima ng'ombe mia ndiye aliyekuwa karibu usiku ng'ombe mmoja aliposhindwa kuzaa.

Sisi tulifanya nini? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia ya 1990, mageuzi ya uchumi yalipokuja, tuliambiwa tiba ya ng'ombe ni faida ya mwenye ng'ombe, kwa hiyo alipie mwenyewe. Serikali ibaki na magonjwa ya mlipuko na usimamizi. Majosho mengi yakakauka. Daktari binafsi, tukaambiwa, atakuja kuziba pengo. Lakini daktari binafsi si mjinga. Amesoma miaka mitano pale SUA, Morogoro, anataka kula na yeye. Akaenda Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, kwenye mbwa wa ulinzi, kuku wa mayai na mabanda ya ng'ombe wa maziwa. Simlaumu. Soko lilimwita, akaitika. Kijijini Kishapu, ambako mtu ana maksai wawili wa kulimia na kuku wa kienyeji kumi na tano, lilikuja duka.

Kwa hiyo msinielewe vibaya, sina ugomvi na yule kijana wa dukani. Saa kumi na mbili jioni yeye ndiye pekee aliye wazi. Ugomvi wangu ni na wale waliobinafsisha chupa na kutuambia wamebinafsisha udaktari. Sheria ya Veterinari tunayo tangu 2003, baraza linalosajili wataalamu lipo. Lakini sheria haitembei kwenda zizini.

Ukitaka kuona soko likiwa peke yake linafika wapi, mtazame punda. Mnyama huyu ndiye anayebeba maji, kuni na magunia huku kwetu, na kwenye machimbo madogo hubeba hata mawe ya dhahabu. Sijawahi kuona daktari akiitwa kwa sababu ya kidonda cha mgongoni mwa punda. Lakini Shinyanga ilipata kuwa na machinjio ya punda, ngozi zikienda China kutengenezwa dawa ya asili iitwayo ejiao. Hapo njia ilipatikana, magari yalipatikana, fedha taslimu zilipatikana. Serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuuzuia barani kote. Soko lilimfikia punda lilipoitaka ngozi yake. Kidonda chake hakina mnunuzi.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa ghorofani, usidhani haya ni ya watu wa vijijini. Ile methali yetu, kwa lugha ya maabara, mara nyingi inaitwa ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe aliyeupata huharibu mimba, na maziwa yake yasipochemshwa humpa binadamu homa ya kuja na kuondoka, maumivu ya viungo na uchovu wa wiki nyingi. Ni rahisi kuidhania malaria. Ng'ombe aliyechomwa sindano jana bila maelekezo anakamuliwa leo, na dawa inaingia kwenye chai yako. Kichaa cha mbwa kinatoka kwa mbwa asiyechanjwa, na dalili zikishatokea kwa mtu, ni mazishi. Mji unaokua unakula na kunywa kutoka kwenye mazizi hayo hayo.

Tena si kwamba hatuwezi. Sotoka iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na chanjo iliyofanya kazi kubwa ilitengenezwa hapa jirani, Muguga nchini Kenya. Maabara yetu ya Veterinari inatengeneza chanjo za kideri, kimeta, chambavu na hiyo ya kutupa mimba. Chanjo ya kideri ni tone moja tu kwenye jicho la kuku, linalorudiwa kila baada ya miezi michache. Juni 2025 Rais alizindua Bariadi kampeni ya kitaifa ya kuchanja mifugo, yenye ruzuku kwa ng'ombe na bure kwa kuku. Naipongeza, kwa dhati. Ila kampeni ina siku ya kufika na siku ya kuondoka. Tone la pili la kideri linamtaka mtu anayeishi pale.

Ninachodai ni kidogo. Halmashauri zisaini mikataba na madaktari na wasaidizi wao waliosajiliwa, wakae kwenye kata, walipwe kwa kila mnyama waliyemchanja na kila zizi walilolikagua. Wakishakuwa na kipato hicho, tiba ya ng'ombe mmoja mmoja tutalipa wenyewe, kama wakulima wa Herriot walivyolipa. Hela? Kila mnada tunakatwa ushuru. Migodi inalipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mapato yake. Madiwani watuambie ni shilingi ngapi kati ya hizo ziliwahi kumfikia ng'ombe. Buzwagi, pale Kahama, mgodi umeshafungwa. Ng'ombe bado wapo.

Na sisi waandishi tuwe na adabu kidogo na neno fursa. Kabla hujaliandika, nenda kaulize nani anakuja usiku.

Mama amenunua mtamba mwingine. Juzi nilipofika nilikuta ameandika kwa chaki kwenye mlango wa banda, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: KALI, matezi. BARIDI, kinyesi kikavu. Chini yake ameandika namba za simu tatu, mbili amezifuta.

"Hizo hazipokei," akaniambia.

"Na hii ya tatu, mama?"

"Hiyo ni ya duka."