Narungombe Nayo Ikumbukwe

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mashada ya maua huwekwa kwenye minara, na ngao na mkuki huwekwa kwa heshima ya waliokufa. Ni jambo jema. Lakini siku sita kabla ya hapo ipo tarehe nyingine isiyokuwamo katika kalenda yetu, nayo ni tarehe 19 Julai.

Siku hiyo, mwaka 1917, majeshi ya Mwingereza yaliyotoka upande wa Kilwa yalipambana na majeshi ya Mjerumani huko Narungombe, katika Wilaya ya Ruangwa ya leo, iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Wakubwa wa pande zote mbili walikuwa Wazungu. Lakini waliojaa katika mahandaki ya Mjerumani walikuwa Waafrika, na miongoni mwa waliowashambulia kwa singe walikuwamo Waafrika wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Mwafrika alimuua Mwafrika ili ijulikane ni Mzungu yupi atakayemtawala.

Miongoni mwa waliouawa siku hiyo alikuwamo Sajini Meja George Williams wa Keya. Huyu alikwisha kutunukiwa mara mbili nishani ya DCM, ambayo Waingereza waliwapa kwa ushujaa askari wasiokuwa maofisa. Nishani ya juu kabisa, Msalaba wa Victoria, hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyepata kuvikwa, si katika vita ile wala katika vita ya 1939 hadi 1945. Mkoloni alikuwa na mizani yake hata katika kupima damu.

Wapo wenzetu watakaouliza: ya nini kumkumbuka mtu aliyeitumikia bendera ya mabeberu? Swali hilo ni la haki, wala halifai kupuuzwa. Jibu letu ni kwamba vita ile haikuwa yetu, bali watu walikuwa wetu. Kuukataa ukoloni hakutulazimishi kuwakataa waliosombwa nao. Tukifanya hivyo tutakuwa tumekubaliana na mkoloni mwenyewe, ambaye alimhesabu Mwafrika kuwa ni chombo cha kutumiwa na kutupwa. Pale katikati ya Dar es Salaam imesimama sanamu ya askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Askari yule ana bunduki na singe, lakini hana jina.

Tena, kama Williams alipata nishani, wapagazi hawakupata hata hiyo. Makumi ya maelfu ya watu waliobeba risasi na vyakula vya majeshi yale walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam ina jina litokanalo na kikosi chao, na wengi wanaokwenda pale kununua na kuuza hawalijui jambo hilo. Heshima ya kweli haina budi kumfikia mpagazi pia.

Jirani na Narungombe, Nachingwea inatupa fundisho la pili. Katika miaka ya sitini wapigania uhuru wa FRELIMO walifungua huko kambi yao ya mafunzo, na humo Samora Machel aliwaandaa wapiganaji. Mwezi Mei 1975 aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma na kuingia nchini mwake, na tarehe 25 Juni mwaka huo Msumbiji ikawa huru. Vijana wale nao walishika bunduki na wengi walikufa, lakini walijua kwa nini. Kati ya Narungombe na Nachingwea umepita muda usiotimia miaka hamsini, na katika muda huo Mwafrika aliacha kufa kwa ajili ya bwana wake akaanza kufa kwa ajili ya watu wake.

Kwa hiyo wajibu upo mikononi mwetu. Walimu wa Ruangwa na Nachingwea wasingoje kitabu kutoka Dar es Salaam: wawapeleke wanafunzi Narungombe, wawaeleze nani alipigana na kwa faida ya nani. Watumishi wa halmashauri na maofisa utamaduni wayaandike masimulizi ambayo wazee waliyapokea kwa baba na babu zao, kabla hayajazikwa pamoja nao. Na pawekwe pale Narungombe kibao chenye jina la Sajini Meja Williams, na chini yake maneno ya kuwakumbuka askari wa pande zote mbili na wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa.

Gharama yake ni ndogo. Nishani za Williams zilitolewa na mfalme wa nchi nyingine kwa ajili ya haja zake mwenyewe. Heshima ya watu wake bado hatujampa.