Deni Lisiloandikwa Daftarini

Niseme wazi tangu mwanzo: sikukubaliana, na sikubaliani hata leo, na wale walioona ni busara kerneli ya Linux iachwe bila kuhesabu swapu mpaka mtu aombe.

Swapu ni ile sehemu ya diski ambako kompyuta husogeza vitu kumbukumbu inapojaa. Mwaka 2008, katika toleo la 2.6.25, kerneli ilianza kuweza kulipa kila kundi la programu kipimo chake cha kumbukumbu. Mwaka uliofuata, toleo la 2.6.29 likaweza kuhesabu na swapu. Lakini mifumo kadhaa iliyosambazwa iliizima hesabu hiyo; aliyeitaka aliandika mwenyewe swapaccount=1 katika amri za kuwashia mashine. Wangapi walijua?

Mimi sikujua. Mwaka 2017 nilitunza seva ya ofisi ndogo. Programu ya ripoti ilikuwa ikila kumbukumbu bila kushiba, nikaipa megabaiti 512 na mpaka wa swapu. Docker ikanionya kwamba kerneli haina uwezo wa mpaka huo, kwa hiyo umetupwa. Nikalipita onyo. (Ukitaka kunilaumu, msomaji, nilaumu hapo.) Ijumaa, tarehe 28 Julai, ripoti ilifika 512 na haikufa. Ilimwagikia kwenye diski, ikajaza gigabaiti 2 za swapu, na programu ya mishahara iliyokuwa jirani yake haikupata nafasi ya kusoma wala kuandika. Kipimo changu bado kilionyesha 512, tena kwa ukweli mtupu. Mhasibu aliondoka saa nne usiku. Vibarua walilipwa Jumatatu.

Watetezi wa kuzima walisema hesabu ina gharama: kwa nini mwenye kompyuta ya nyumbani alipie kitu asichokitumia? Hoja hiyo ilikuwa na uzito kwa upande wa kumbukumbu yenyewe. Mwanzoni kila ukurasa wa baiti 4096 uliwekewa kumbukumbu ya pembeni ya baiti 40 hivi, karibu asilimia moja ya mashine nzima. Lakini swapu? Baiti 2 kwa kila ukurasa. Gigabaiti 1 ya swapu hudai kilobaiti 512! Walizitia gharama mbili katika kapu moja, kisha wakaitoza ndogo bei ya kubwa. Na hata ile kubwa ilipunguzwa sana katika toleo la 3.19, mwaka 2015, huku swichi ikibaki ilipokuwa.

Muuza duka anayeandika unga uliochukuliwa kwa fedha taslimu na kuacha kuandika wa mkopo hajapunguza kazi ya daftari.

Mwaka 2020, toleo la 5.8 liliifanya hesabu ya swapu kuwa sehemu ya udhibiti wa kumbukumbu, na toleo la 6.1, Desemba 2022, likaondoa nguvu ya swichi ya kuizima. Vizuri, ingawa miaka zaidi ya kumi na tatu ilikuwa imepita. Bado nina neno moja: katika mpangilio mpya swapu inahesabiwa, lakini memory.swap.max huanza bila mpaka wowote. Ile programu ya ripoti ingali hai. Nimeiandikia sifuri.