Nailoni au flurokaboni? Babu alinijibu bila kunijibu

Mwezi uliopita nilidokeza kwamba kiangazi hiki sisi wa Toronto tumeanza kuvua samaki na watoto. Nilidhani mtaniuliza habari za mbu. Badala yake wengi mmeuliza kuhusu mshipi. Ukiingia duka la vifaa vya uvuvi unakuta ukuta mzima wa pakiti, nyingine zimeandikwa monofilamenti, ambayo ndiyo nailoni yetu ya siku zote, nyingine flurokaboni. Zote zinang'aa, zote zinafanana, lakini flurokaboni bei yake iko juu zaidi. Mzazi anayetaka tu kumtoa mtoto kwenye simu Jumamosi moja achukue ipi?

Mimi nilichukua ile ya ghali, nikakosea. Fedha haikuwa tatizo kubwa, kama mtakavyoona.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Si mshipi wote, ni kile kipande cha mwisho, meta moja au mbili hivi, kinachofungwa ndoana. Mshipi mkuu kwenye fimbo siku hizi mara nyingi ni uzi wa kusukwa. Una nguvu sana, lakini majini unaonekana kama kamba ya kuanikia nguo, na ukikwaruzwa na jiwe unakatika upesi. Ndiyo maana mwishoni huunganishwa kipande cha uzi mwangavu. Swali la nailoni au flurokaboni ni la kipande hicho.

Basi, Julai baba yangu alikuja kututembelea. Ni mtu wa Pangani, ana miaka 71, na amevua kwa mshipi wa mkono tangu hajaota ndevu. Mwanangu ana miaka 9. Kiswahili anakielewa, lakini ukimsemesha anajibu Kiingereza, na babu yake Kiingereza hana. Wiki ya kwanza walikuwa wakitabasamiana mezani kama wageni wawili waliopangiwa kiti kimoja kwenye basi. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" "Sijambo." Basi, kimya. Nilikuwa nikirudi kutoka zamu ya usiku nawakuta kila mmoja na dirisha lake.

Nikasema, twendeni tukavue. Nilimkatia baba leseni. Hapo zingatieni, kwa sababu wengi hukosea: Ontario mwenye umri wa miaka 65 na zaidi haruhusiwi tu kuvua bila leseni kwa kuwa ni mzee. Msamaha huo ni wa wakazi wa Kanada. Mzee aliyekuja kutembea kutoka nyumbani anahitaji leseni hata akiwa na miaka 80. Tukapanda kivuko hadi visiwa vya Toronto, tukapata pahali penye kivuli.

Muuzaji dukani alikuwa ameniambia flurokaboni samaki hawaioni. Hakudanganya sana. Nikamkabidhi baba pakiti nikiwa na furaha ya mtoto aliyemnunulia mzazi wake kitu kizuri. Akavuta kipande, akakitazama juani, akaanza kufunga ndoana. Uzi ukajikunja kama springi. Akarudia, ukamteleza. Mara ya tatu ndoana ikadondoka kwenye nyasi. Vidole vyake vimekakamaa kwa maumivu ya viungo. Hilo nililijua, nami ni muuguzi, lakini nilipokuwa dukani sikuwaza vidole, niliwaza macho ya samaki.

"Mwanangu, funga wewe," akasema. "Mimi nitatazama." Akaenda kukaa kwenye benchi, mikono mapajani, akabaki huko asubuhi nzima. Mvuvi wa miaka 60, mbele ya mjukuu wake.

Nikafunga mimi, haraka haraka. Saa sita mchana samaki mkubwa akavuta, fimbo ikapinda, mtoto akapiga kelele za furaha, halafu pap! Mshipi ukarudi mtupu. Samaki ameondoka na ndoana mdomoni na uzi wote wa mwisho. Mtoto akalia. Kutoka kwenye benchi baba akasema neno moja tu: "Fundo lilifungwa kavu."

Usiku ule sikulala, nikatafuta kuzielewa nyuzi hizi. Nikagundua kwamba nazifahamu kuliko nilivyodhani. Kazini tunashona ngozi kwa nailoni ya uzi mmoja. Flurokaboni ya wavuvi ni plastiki iitwayo PVDF, nayo pia imetengenezewa nyuzi za upasuaji. Na kabla ya hizo mbili, wavuvi wa Ulaya na madaktari wa upasuaji walitumia uzi mmoja, uliovutwa kutoka kwenye tezi za kiwavi wa hariri. Nailoni ilipatikana mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, chini ya mkemia Wallace Carothers. Flurokaboni ya kuvulia ililetwa na kampuni ya Kureha ya Japani mwaka 1971.

Sasa tofauti zenyewe.

Kuonekana. Mwanga ukipita kutoka kwenye maji kuingia kitu kingine hupinda, na kupinda huko ndiko kunakokifanya kitu kionekane. Kipimo cha maji ni takriban 1.33. Cha flurokaboni ni 1.42, cha nailoni ni zaidi ya 1.5. Kwa hiyo flurokaboni iko karibu zaidi na maji na haionekani sana, lakini kusema haionekani kabisa ni maneno ya biashara. Katika maji ya tope tofauti hiyo haina maana. Mto Humber ukishanyeshewa unakuwa kama chai ya maziwa, samaki hauoni mshipi wowote.

Kuzama. Flurokaboni ni nzito, uzito wake ni kama mara 1.8 ya maji. Nailoni imezidi maji kidogo tu, inazama taratibu. Ukivua chini kabisa, flurokaboni inafaa. Ukivua kwa boya, kama wanavyoanza watoto wengi, nailoni ni bora kwa sababu haikivuti chambo kwenda chini.

Kukwaruzwa. Flurokaboni ina ngozi ngumu, inavumilia mawe na magamba. Hapa Ziwa Ontario jambo hilo lina uzito. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 maziwa haya yamevamiwa na kome wadogo wenye milia, waliokuja ndani ya maji ya meli kutoka Ulaya. Wamechuja maji mpaka sehemu nyingi zimekuwa maangavu, na magamba yao yaliyoshika mawe ni makali kama wembe. Maji maangavu pamoja na magamba makali, hapo ndipo fedha ya flurokaboni inaporudi. Lakini mkumbuke, samaki mwenye meno kama paiki hukata zote mbili. Huyo dawa yake ni waya, kama wavuvi wetu wanavyomfungia nguru.

Maji na jua. Nailoni hunywa maji, ikilowa inalainika na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Jua pia huichosha. Mshipi wa nailoni uliokaa msimu mzima kwenye fimbo usiuamini, badilisha. Flurokaboni hainywi maji na haisumbuliwi sana na jua.

Kuvutika. Nailoni huvutika kidogo samaki anaporuka au mtoto anapovuta kwa pupa, na huko kuvutika humsamehe mvuaji makosa mengi. Flurokaboni ni kakamavu zaidi. Unausikia mguso mdogo wa samaki, lakini nayo inasikia kila kosa lako.

Fundo. Hapa ndipo nilipoanguka. Uzi wowote wa plastiki ukikazwa mkavu hujisugua, sugu hilo hutoa joto, joto hudhoofisha uzi palepale kwenye fundo. Flurokaboni, kwa ugumu wake, haikusamehe. Kazini najua vizuri kwamba nailoni huteleza, ndiyo maana mshonaji huongeza vifundo juu ya kifundo. Ila nilipofika ziwani nilifunga kama mtu anayefunga kamba ya kiatu.

Ukizisoma tofauti hizi moja moja, flurokaboni inashinda nyingi. Lakini nani anafunga? Nani anavuta? Nailoni ni laini. Inafuata kidole cha mtoto, na inafuata kidole cha mzee kilichokakamaa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na pakiti nyingine mfukoni, nailoni ya ratili 10, ile ya bei nafuu kabisa. Sikusema kitu. Niliiweka tu juu ya kisanduku cha ndoana, karibu na benchi, nikajifanya natafuta chambo.

Baba akaichukua. Akaivuta kidogo, akaipitisha kati ya vidole, akasema, "Ah, hii naijua." Akaipitisha kwenye tundu la ndoana, akaizungusha juu yake mwenyewe mara tano, akarudisha ncha kwenye kile kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha akaipitisha tena kwenye kitanzi kikubwa. Mikono ilikuwa polepole lakini haikusita. Kabla ya kukaza akaitia mdomoni.

"Babu, why?" mtoto akauliza.

Baba hakuelewa neno, lakini aliuelewa uso. "Lowesha," akasema. "Bila mate, fundo linaungua. Lowesha, halafu vuta polepole."

"Lowesha," mtoto akasema.

"Haya, sasa wewe."

Walifunga ndoana kumi na kitu siku ile, nyingi zikiwa za kufunguliwa na kufungwa upya. Sikutafsiri hata mara moja. Ndoana, chambo, chubwi, mshipi, kaza, legeza: maneno yote yalikuwa na kitu cha kushika mkononi. Walipata besi mmoja mdogo, tukamrudisha majini. Fundo lilikuwa la mtoto, nalo lilishika.

Kwa hiyo jibu langu kwenu ni hili. Kama familia yenu inaanza, au mnavua kwa boya, au kuna mikono midogo na mikono mizee, nunueni nailoni ya ratili 8 hadi 10, na fedha iliyobaki nunueni ndoana za akiba. Mkishazoea, na mkivua chini kwenye mawe katika maji maangavu, wekeni kipande cha flurokaboni mwishoni. Si lazima mshipi wote. Kwa paiki, waya. Na kwa vyovyote, lowesheni fundo, likazeni polepole, halafu livuteni kwa nguvu kabla ya kutupa. Afadhali likatikie mkononi mwako kuliko mdomoni mwa samaki.

Jambo moja zaidi. Yule samaki wetu wa kwanza bado ananisumbua, kwa sababu aliondoka na uzi ambao hautaoza mwaka huu wala mwaka kesho. Nyuzi zote mbili ni plastiki, na ndege wa majini hunaswa nazo miguu. Msiache hata kipande kidogo ufukweni. Sehemu nyingine mtaona vibomba vya kukusanyia nailoni iliyotumika. Someni kwanza kinachopokelewa humo, na kisichopokelewa kikateni vipande vifupi, mwende nacho nyumbani kwenye taka.

Baba amesharudi Pangani. Juzi usiku nilimkuta mwanangu sebuleni amefunga nailoni kwenye mguu wa kiti, simu imeegemezwa kwenye kikombe, anamwonyesha babu yake kwa video. "Nimelowesha, babu," alikuwa akisema. "Tazama. Nimelowesha."

Nina ombi moja. Hiki kipande cha mwisho cha mshipi, kwenu mnakiitaje? Nilisahau kumwuliza baba, na nikimpigia sasa simu imeshachukuliwa na mjukuu. Wa Lamu, wa Pemba, wa Kilwa, wa Kigoma, niandikieni. Toleo lijalo tutazungumza kama samaki wa Ziwa Ontario wanafaa kuliwa na watoto na akina mama wajawazito. Hadi hapo, tuonane ufukweni.