Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Hapa kwetu Ubaruku gari si pambo. Mpunga ukiisha kuvunwa katika majaruba ya Usangu hauna miguu. Sharti uchukuliwe hadi kwenye mashine za kukoboa, na mchele upelekwe Rujewa, Mbeya, Makambako na mbele zaidi. Gari likilala kwa fundi siku tatu wakati wa mavuno, mwenyewe hupoteza fedha, na mara nyingi ndizo fedha zilizokuwa zikingojewa kununulia madaftari na sare. Kwa hiyo neno nitakalosema leo, ingawa ni la waya na volti, lamhusu kila mzazi, mwalimu na mwanafunzi.

Neno lenyewe ni hili: magari mengi siku hizi hutengenezwa kwa kubahatisha, na dawa ya kubahatisha tunayo sisi wenyewe. Imo katika somo la fizikia, na jina lake ni multimita, au mita tu kama wasemavyo mafundi.

Zamani injini ilikuwa na kabureta, na fundi hodari aliweza kuijua homa yake kwa kuisikiliza. Injini ya leo huongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita kontrolo boksi. Kompyuta hiyo haina macho. Hupewa habari na vifaa vidogo viitwavyo sensa. (Sensa hizi si ile ya kuhesabu watu tuliyoiona mwaka 2022, walimu wetu wa Kiswahili hupenda kuziita vihisi.) Moja huleta habari za joto la maji, nyingine za hewa inayoingia, nyingine za mzunguko wa injini. Mjumbe akisema uongo, mfalme naye hukosea. Sensa ya joto ikisema kwamba injini ni baridi, kumbe imekwisha kupata moto, kompyuta huweza kumimina mafuta kupita kiasi. Hapo utaona moshi mweusi, na tangi hukauka upesi.

Msimu mmoja niliona pikapu ya mkulima mmoja wa hapa ikiwa katika hali hiyo. Mashine ya kusomea makosa ilitoa namba P0118. Fundi akasema, “Sensa imekufa, mzee.” Mzee akauza magunia mawili ya mpunga, sensa mpya ikaletwa kutoka Mbeya, ikafungwa. Gari likabaki vile vile. Akaambiwa ya kuwa labda ni kontrolo boksi. Kabla mzee hajauza magunia mengine, alipita kijana mwenye mita, akapima soketi ya sensa, akakuta haina umeme. Akaufuata waya pole pole mpaka akafika mahali palipotafunwa na panya. Kipande cha waya kisichofika shibiri moja kilimaliza maneno yote.

Je, namba ile ilidanganya? La, hasha. P0118 maana yake ni kwamba ishara ya njia ya sensa ya joto la maji imezidi kiwango. Haisemi mwenye kosa ni nani. Waya uliokatika, soketi iliyolegea na sensa iliyokufa, vyote huweza kuleta namba hiyo hiyo. Mashine huonyesha nyumba ya mwizi. Mita ndiyo imwonyeshayo mwizi mwenyewe.

Na kazi yenyewe si ngumu. Kwanza, injini ikiwa imepoa na swichi imezimwa, chomoa soketi ya sensa, uweke mita kwenye omu, uguse ncha mbili za sensa. Katika magari mengi, joto likiwa nyuzi 20 za Selsiasi, utasoma omu kama 2,000 hadi 3,000. Joto likifika nyuzi 80, hushuka hadi omu kama 200 hadi 400. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, basi sensa imekufa kweli. Pili, fungua swichi bila kuwasha injini, uweke mita kwenye volti, upime ndani ya soketi ile uliyoichomoa. Ukipata volti kama 5, waya na kompyuta vinafanya kazi yao. Usipopata kitu, usinunue sensa, fuata waya. Lakini angalieni: omu hazipimwi mahali penye umeme, na waya za mifuko ya hewa ya usalama zisiguswe kamwe na mwanafunzi.

Haya yote ni kanuni ya Ohm tunayoisoma darasani. Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827, alikuwa amefundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari mjini Cologne. Kanuni hiyo basi ilitoka mikononi mwa mwalimu kama walimu wetu. Ni aibu ikiishia katika karatasi ya mtihani.

Najua wapo watakaosema kwamba mwanafunzi kazi yake ni kalamu, na grisi ni ya walioshindwa shule. Maneno hayo yanatudhuru pande zote mbili. Fundi wa mtaani aijua injini kama kiganja chake, lakini pengine hakupata mtu wa kumweleza omu ni nini. Mwanafunzi aweza kuikokotoa omu kwa Kiingereza safi, lakini hajapata kuigusa soketi ya gari. Kila mmoja ana nusu ya elimu, na mkulima ndiye alipaye gharama ya nusu inayokosekana.

Kwa hiyo natoa shauri. Katika kila muhula tutengewe Jumamosi moja, mita itolewe kabatini, mwalimu wa fizikia awepo, na fundi mmoja wa hapa Ubaruku aalikwe kwa heshima kama mwalimu mwenzake. Sensa ya joto itiwe katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, maji yachemshwe, nasi tuandike omu zinavyoshuka. Wavulana na wasichana wote washike mita, maana umeme haubagui mikono. Nanyi wazazi wenye magari, fundi akiwaambia kwamba kifaa fulani kimekufa, mwulizeni kwa adabu, “Umekipima, bwana fundi? Umesoma ngapi?” Fundi wa kweli hatachukia swali hilo. Atafurahi, kwa kuwa jawabu analo mkononi.