Kabla ya vilabu palikuwa na Kiungani

Wapenzi wa kandanda wa Visiwani wanapoeleza asili ya mchezo huu hapa kwetu, mara nyingi huanza na vilabu vya mitaa. Hutajwa Ng'ambo, hutajwa Malindi, hutajwa kiwanja cha Mnazi Mmoja, na mzee mwenye kumbukumbu njema hufika hadi miaka ya 1920. Masimulizi hayo si ya uongo, ila huanzia katikati. Kabla ya vilabu palikuwa na timu ya shule, na shule yenyewe ni Kiungani.

Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kilianzishwa na wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, kusini ya mji wa Unguja, karibu na bahari. Hapo mwanzo wanafunzi wake walikuwa watoto waliokombolewa na manowari za Kiingereza kutoka katika majahazi ya watumwa. Baadaye wakaongezwa vijana walioletwa kusoma kutoka Magila, Masasi na pwani za Ziwa Nyasa, ili wawe walimu na makasisi. Mwaka 1887 mmisionari A. C. Madan alitoa kitabu kilichokusanya masimulizi ya vijana hao juu ya maisha yao na makwao. Kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake. Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuitana uwanjani.

Vijana hao walikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kabisa kucheza kandanda katika visiwa hivi. Walimu wao walitoka katika shule za Uingereza ambako michezo ilihesabiwa kuwa sehemu ya malezi, pamoja na sala na hesabu. Frank Weston, aliyekuja kuwa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908, alikuwa mkuu wa chuo hicho tangu 1901. Msimu wa Kiungani wa miaka hiyo haukuwa msimu wa ligi kama tuujuavyo leo. Walicheza wao kwa wao, na walicheza na wageni: Wazungu wa Kampuni ya Eastern Telegraph, waliokuwa wakiangalia waya wa simu uliopita chini ya bahari, na mabaharia wa manowari zilizotia nanga bandarini. Ratiba yao iliwategemea basi wakuu wa meli, na iliitegemea mvua pia, kwani kiwanja cha nyasi wakati wa masika si kiwanja tena.

Tungependa msomaji atulie kidogo hapa. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890. Katika ofisi, bandarini na mahakamani, Mwafrika alijua pa kusimama na Mzungu alijua pa kukaa. Kiwanjani, kijana ambaye labda jamaa zake waliuzwa sokoni alisimama kumi na mmoja kwa kumi na mmoja mbele ya mabaharia wa Mfalme, chini ya sheria moja na kipenga kimoja. Tunathubutu kusema kwamba katika mji mzima wa wakati huo hapakuwa na mahali pengine pengi pa namna hiyo. Haidhuru nani alishinda.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Wamisionari walikuja kueneza dini yao, na katika mji wa Kiislamu kama Unguja hawakupata wafuasi wengi. Lakini mpira waliowapa wanafunzi uliruka ukuta wa shule bila kumwuliza mtu dini yake. Vijana wa mjini walitazama, wakajifunza, wakaunda timu zao, na kufikia miaka ya 1920 Ng'ambo ilikuwa imeufanya mchezo huo kuwa wake. Maofisa wa kikoloni walipoanza kuunda vyama na kamati za kuusimamia, walikuta wenyewe wamekwisha kuupenda na kuuendesha.

Vita vya 1914 viliwapata wengi waliopitia Kiungani wakiwa walimu huko bara. Wajerumani waliwashuku kuwa watu wa Waingereza; wengi walifungwa, na baadhi wakapelekwa hadi Tabora katika hali ya mateso. Katika miaka ya 1920 chuo chenyewe kikahama Unguja na kwenda Minaki, karibu na Dar es Salaam. Kwa hiyo mwenyeji wa Visiwani asiye na jamaa katika Kanisa hilo hana mtu wa kumsimulia. Wengine, tunasikitika kusema, hawapendi kusimuliwa, kwa kuwa wachezaji wale walikuwa watoto wa watumwa na watu wa bara. Hiyo si sababu ya kuwafuta. Asiyetaka kuwataja na aseme basi mpira ulimfikia kwa njia gani.

Yote haya tunayasema kwa ajili ya viongozi wanaohusika na elimu na ardhi. Kiungani haikuwa na siri yoyote. Ilikuwa na kiwanja ambacho hakuna aliyekitamani kwa jambo jingine, na saa ya michezo ambayo haikuliwa na somo jingine. Leo ni shule ngapi zinaweza kusema hivyo? Tunapendezwa kwamba Uwanja wa Amaan umefanyiwa matengenezo makubwa na kwamba mwezi Agosti 2025 ulipokea mechi za mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Lakini Amaan ni mahali pa kumtazama mchezaji aliyekwisha kupatikana. Hapatikani hapo.

Wala shida hii si ya Visiwani peke yake. Tuchukue Robanda, kijiji cha Waikoma katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Siku zile vijana wa Kiungani walipokuwa wakicheza na mabaharia, karibu na hapo Wajerumani walikuwa wamejenga ngome ya Ikoma. Kilichotangulia huko kilikuwa boma na askari. Leo Robanda ipo mlangoni mwa Hifadhi ya Serengeti. Mgeni akiangalia mbuga ile atadhani ardhi haina mwisho, kumbe kijiji kimezungukwa na maeneo ya wanyama, na kila hatua ina mpango wake. Hapa Unguja tumebanwa na bahari na majengo. Kule wamebanwa na mipaka ya hifadhi. Mtoto wa huku na mtoto wa kule wanahitaji kitu kimoja, nacho ni kipande cha ardhi kilichopimwa kwa jina la shule, chenye mawe ya mipaka, ambacho ofisa yeyote hawezi kukigawa kwa barua ya siku moja. UMISSETA na UMITASHUMTA haziwezi kuokota vipaji mahali ambapo watoto hawana pa kukimbilia.

Tunaiomba Wizara ya Elimu ya Zanzibar, na wenzao wa bara, wahesabu viwanja vya shule vilivyobaki na kuitangaza hesabu hiyo kwa wananchi. Aidha, habari za Kiungani zimo katika barua za UMCA na katika jarida lake la Central Africa, lililochapishwa London kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa huko. Idara ya Nyaraka ipo Kilimani, si mbali na Kiungani yenyewe. Izikusanye habari hizo, izifasiri kwa Kiswahili, na izipeleke mashuleni. Tamasha la Elimu Bila Malipo, linalokumbuka tangazo la tarehe 23 Septemba 1964, hukutanisha wanafunzi wa Unguja na Pemba kwa michezo. Na hapo ndipo zingefaa kusomwa kwa mara ya kwanza.